Dodoso la Saa Tisa Usiku

Alishuka kwa lifti ya maiti, ile nyingine ilikuwa imekwama,
viatu vyake vikilia maji kila hatua.
Nje, Valdivia ilikuwa ikinyeshewa siku ya kumi na moja.
Akauliza kama anaweza kuanika soksi juu ya mashine ya tatu.
Ya tatu inavuja, nikamwambia. Weka juu ya ya nne.

Jina lake Ignacia. Alibeba madodoso na penseli
zilizochongwa zote, kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni.
Anapima, alisema, kazi yenye staha.
"Kwa kipimo gani?"
"Moja hadi tano. Moja ni sikubaliani kabisa."

Basi mimi nikakunja, yeye akasoma.

*Ninapata muda wa kutosha wa kupumzika.*
Nikamwambia: shuka za wodi ya wazazi hufika zingali vuguvugu.
Akasubiri.
Nikasema: mbili.

*Mahali pangu pa kazi ni salama.*
Mwezi Juni, katika mfuko wa gauni la mpasuaji,
nilikuta peremende, risiti ya maegesho, na sindano.
Sindano niliikuta kwa kidole kabla ya jicho.
Wiki sita nikingoja majibu ya damu,
wiki sita nina kijiko changu peke yangu nyumbani,
mume wangu Rosamel akijifanya haoni.
Majibu yalikuja safi.
Siku tatu za kwenda maabara zilikatwa kwenye mshahara.
"Hiyo ni ngapi?" akauliza, taratibu.
Chagua wewe, nikamwambia, ndiwe uliyesoma.

*Kazi yangu inanipa heshima.*
Waliosema kazi mbi si mchezo mwema
hawakusema ni nani anayecheza.
Lakini kuna jambo. Shuka ikitoka, nikiikung'uta
ikajaa hewa mara moja tu, kabla haijatulia,
najua ghorofa ya nne mtu atazaliwa juu yake,
au ghorofa ya pili mtu atafunikwa nayo hadi usoni,
na hakuna hata mmoja atakayenusa uchafu wa mwenzake.
Hapo andika tano.
Andika tano, binti, na ukandamize.

Akakandamiza. Ndipo alipoiona beji yangu.
Ya kijivu.
Wa hospitali huvaa buluu; buluu hupewa supu kantini.
Sisi wa wakala huja na mkate.
"Bi Edelmira," akasema, akiitazama penseli,
"utafiti huu ni wa wafanyakazi wa hospitali."
Mashine ya nne ikaanza kukamua, ikatutikisa sote wawili.
Miaka kumi na saba naifulia hospitali hii.
Kumbe sipo.

Sikukasirika. Nilimnyang'anya karatasi, nikamsomea mimi.
Namba kumi na moja: *Nina uhakika wa kazi yangu mwaka ujao.*
Akacheka, kisha akaacha.
Analipwa kwa kila dodoso linalokubaliwa,
nauli ni yake, soksi ni zake,
na hili langu halitakubaliwa.
"Moja," akasema. "Niandikie moja."
Nikaandika jibu lake kwenye kisanduku changu.

Soksi zilipokauka alipanda kwa ngazi
kuwatafuta wenye buluu.

Karatasi aliniachia. Niliikunja mara nne kama foronya,
nikaitia mfukoni mwa aproni, nikasahau,
mimi ninayepekua mifuko ya watu usiku kucha.
Asubuhi ilitoka mashineni donge dogo jeupe.
Nikalifumua pale dirishani, kwa kidole kilekile.
Maswali yalikuwa yamekwenda na maji.
Palibaki tano moja, labda.
Labda mkunjo tu.